Jinsi ya kuchagua drili ya betri ya bei nafuu kwa kazi za nyumbani

Anayenunua drili ya betri kwa mara ya kwanza huitazama mashine: rangi yake, ukubwa wake, na sanduku lililojaa vifaa vinavyong'aa. Mimi ningemwomba aitazame betri kwanza. Mota ya drili ndogo, hata ya bei ya chini, ikitumika kwa kazi za nyumbani tu hudumu miaka mingi. Betri ndiyo inayochoka, na siku itakapochoka ndipo utakapojua kama ulinunua kifaa cha bei nafuu au ulinunua kitu cha kutupa. Kwa hiyo katika hatua zinazofuata betri imepewa nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Jua utatoboa nini

Kabla ya kwenda dukani, zunguka nyumba yako ukiwa na karatasi na kalamu. Andika kila kazi inayokungoja: bawaba ya kabati iliyolegea, rafu ya vitabu, fimbo ya pazia, kitasa cha mlango, meza ya kuunganishwa. Kwa kila kazi andika kinachotobolewa, yaani mbao, bati, tofali au zege, na unene wa tundu kwa milimita. Ukimaliza utaona kwamba sehemu kubwa ya orodha si kutoboa hata kidogo. Ni kukaza na kulegeza skrubu. Hiyo ni habari njema kwa mwenye fedha kidogo, kwa kuwa kukaza skrubu hakuhitaji mashine kubwa.

Kisha uje kwenye ukuta, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Azima drili kwa muda mfupi, utoboe tundu jembamba mahali pasipoonekana, na utazame vumbi linalotoka ukishavuka plasta. Vumbi jekundu ni la tofali la kuchoma. Vumbi jeupe na laini, biti (kile kijiti cha chuma kinachotoboa) ikizama kana kwamba hakuna kitu mbele yake, ni la jasi. La kijivu na biti inasonga vizuri, hilo ni tofali la saruji. La kijivu na biti imegoma kabisa, umekutana na zege. Na hata nyumba ya tofali huwa na zege mahali fulani: juu ya madirisha na milango hupita linta, nayo ni zege yenye nondo ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kutundika picha kumi ukutani bila shida, halafu akashindwa na fimbo moja ya pazia.

Drili nyingi za betri huuzwa zikiwa na alama ya nyundo, na mnunuzi huamini kwamba alama hiyo inamaliza suala la ukuta. Haimalizi. Ndani ya drili ya namna hiyo kuna visahani viwili vyenye meno vinavyopandana vikizunguka, na kila jino linaporuka lingine biti husukumwa mbele kidogo sana. Hutokea mara maelfu kwa dakika, lakini kila pigo ni dogo, na nguvu halisi inatoka kwenye mkono wako unaosukuma. Kwa tofali la kuchoma au la saruji inatosha vizuri. Kwa zege, biti ikigonga kokoto hubaki inasugua tu, ikipata moto hadi ncha yake inaharibika.

Mashine ya zege ni nyingine kabisa. Ina pistoni inayobana hewa na kuipiga biti kwa nyuma, na biti zake zina mkia wenye mifereji wa aina ya SDS, mfumo ulioletwa na kampuni ya Bosch mwaka 1975. Kama orodha yako ina matundu machache ya zege, ikodi au uiazime mashine hiyo kwa siku moja, umalize matundu yote, kisha ununue drili nyepesi kwa mengine yote. Usitafute drili moja ya bei nafuu itakayofanya kila kitu. Haipo, na anayekuambia ipo anataka sanduku litoke dukani.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa drili za betri hawalisemi: kama karibu kazi zako zote ni za ukutani, na soketi iko jirani, drili ya waya itakupa nguvu zaidi kwa fedha ileile, kwa sababu hulipii betri. Ya betri inashinda pale unapohama hama, unapopanda ngazi, unapofanya kazi pasipo na umeme, na katika kukaza skrubu.

Hatua ya 2: Zisome volti, zisikutishe

Betri za drili za siku hizi hujengwa kwa seli za lithiamu zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ina wastani wa volti 3.6. Seli tatu hufanya volti 10.8, na hizo ndizo huandikwa "12V". Seli tano hufanya volti 18. Seli hizohizo tano zikiwa zimejaa chaji, kila moja hufika volti 4.2, na jumla yake ni 21. Kwa hiyo drili iliyoandikwa 18V, nyingine 20V na nyingine 21V zinaweza kuwa na seli tano zilezile ndani. Kilichotofautiana ni wakati ambao mtengenezaji ameamua kupima. Usiongeze hata senti moja kwa ajili ya tofauti hiyo.

Halafu kuna drili zisizo na jina linalojulikana, zenye maandishi makubwa ubavuni: 36VF, 48VF, 88VF, na namba zinazidi kupanda. Ile herufi F ndiyo mlango wa kutokea: si volti, ni jina tu la modeli. Geuza chaja na usome maandishi madogo kwenye sehemu ya umeme unaotoka. Ukikuta volti 21, umeshajua kuwa ndani kuna seli tano, hata kama ubavuni pameandikwa 88. Drili hiyo inaweza kuwa nzuri ya kutosha kwa rafu na bawaba zako, lakini ilinganishe na drili nyingine za volti 18 na uilipie kama hizo. Na mtengenezaji aliyekudanganya ubavuni, usimwamini upesi kwenye namba nyingine alizoziandika.

Basi uchague ipi, 12 au 18? Ya 12 ni ndogo, ina uzito wa kilo moja hivi ikiwa na betri yake, huingia ndani ya kabati na kwenye kona, na haichoshi mkono ulioinuliwa juu. Inakaza skrubu za kawaida, inatoboa mbao na bati, na inaunganisha samani zote za nyumba. Ya 18 ni nzito zaidi, lakini haihangaiki na skrubu ndefu, mbao ngumu, biti pana, na ukuta wa tofali ikiwa ina nyundo. Kwa aliyepanga nyumba na kazi zake ni samani na mapazia, ningemshauri ya 12 bila kusita. Kwa mwenye uwanja, uzio, milango ya kubadilisha, au anayefikiria kuongeza msumeno na grainda baadaye, ya 18, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Chagua betri kabla ya drili

Uwezo wa betri huandikwa kwa ampea-saa, Ah. Zidisha Ah kwa volti na utapata wati-saa, ambazo ndizo nishati halisi uliyobeba mkononi. Betri ya 18V yenye 2Ah ina wati-saa 36. Ya 12V yenye 2Ah, ukiihesabu kwa volti 10.8 za kweli, ina karibu 22. Hesabu hii ndogo inakuwezesha kulinganisha drili mbili za volti tofauti. Kwa kazi za nyumbani, betri mbili za 2Ah ni bora kuliko moja ya 4Ah: moja inachajiwa wakati nyingine inafanya kazi, mashine inabaki nyepesi, na moja ikifa hukwami.

Sasa namna ya kumkamata mwongo wa Ah. Seli iliyotumika zaidi kwenye drili ni ile ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zilizo bora kabisa hufika karibu 3.5Ah kwa seli moja, na zinazofaa drili, yaani zinazoweza kutoa umeme mwingi kwa ghafla, mara nyingi huwa kati ya 1.5 na 3. Seli tano zikiunganishwa kwa mfululizo, volti huongezeka lakini Ah hubaki ile ya seli moja. Kwa hiyo betri nyembamba yenye safu moja ya seli hizo tano haiwezi kuwa na 6Ah, hata iandikwe nini. Ili ifike 4 au 5 lazima iwe na safu ya pili, jumla seli kumi, au iwe na seli nene zaidi za 21700. Vyote viwili huonekana kwa macho na husikika mkononi. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50, hivyo betri ya seli tano ina robo kilo ya seli peke yake, na ya seli kumi karibu nusu kilo. Ukishika betri iliyoandikwa 10Ah ikawa nyepesi kama ya 2Ah jirani yake, irudishe kwenye rafu.

Swali la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe bei ya drili. Uliza: betri moja ya akiba inauzwa peke yake, na ni kiasi gani? Kama haiuzwi peke yake, drili hiyo ina umri wa betri iliyokuja nayo, basi. Kama inauzwa kwa bei inayokaribia ile ya seti nzima, hesabu hivyohivyo. Kama ipo kwa wauzaji kadhaa na imekuwapo kwa miaka, hapo umepata kitu cha kukaa nacho. Jibu la swali hili moja lina thamani kuliko kila kilichoandikwa kwenye sanduku.

Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Bosch, Makita, DeWalt, Milwaukee, Ryobi, Einhell na wengine kila mmoja ana umbo lake la betri, na baadhi wana zaidi ya mfumo mmoja ndani ya kampuni ileile, kwa hiyo soma jina la mfumo na usitosheke na jina la kampuni. Ukishanunua drili, umejiunga na familia. Baadaye utakapotaka msumeno, grainda au taa ya kazi, utanunua mashine tupu isiyo na betri kwa bei ya chini zaidi na kutumia betri ulizo nazo. Ndiyo sababu nilisema mwenye mipango ya mbele achague 18: kwenye volti hizo ndiko kuliko na mashine nyingi zaidi. Kabla ya kuchagua, uliza ndugu au jirani wa karibu wanatumia familia gani. Kuazimana betri ni faida ambayo hakuna kijitabu cha maelekezo kitakachokuambia.

Drili nyingi za bei ya chini zisizo na jina hutengenezwa zikiwa na mdomo unaopokea betri zenye umbo la zile za Makita za volti 18. Hilo limezifanya betri za umbo hilo zipatikane kwa wingi, na kwa mwenye fedha kidogo ni njia ya kweli. Lakini umbo kufanana hakumaanishi ubora kufanana. Ndani ya betri nzuri kuna ubao mdogo wa kielektroniki unaopima seli, unaozuia zisijazwe kupita kiasi na zisikaushwe kabisa. Betri za kuiga za bei ya chini sana hupunguza hapohapo pasipoonekana. Ukichukua njia hii, nunua drili ya bei ya chini ukipenda, lakini betri na chaja viwe vya mtu anayeeleweka.

Kuhusu chaja, soma ampea zake. Chaja ya ampea 2 hujaza betri ya 2Ah kwa saa moja na kidogo. Chaja ndogo inayofanana na ya simu, yenye ampea 0.4 au 0.5, itachukua saa nne hadi tano. Hiyo si kasoro kama una betri mbili na huna haraka. Kama una moja, kazi ya asubuhi itahamia alasiri.

Na ukikuta drili ya zamani yenye betri za nikeli-kadimiamu, hata kama ni ya jina kubwa, iache. Betri zake huisha chaji zikiwa zimekaa tu, kadimiamu ni sumu, na Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni kwa zana za umeme za betri mwishoni mwa 2016. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa na bado usipate cha kuiendesha. Drili iliyotumika yenye betri ya lithiamu, tena ya familia inayouzwa bado, hiyo ni habari tofauti: mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Weka tu kwenye hesabu yako bei ya betri mpya moja.

Hatua ya 4: Mambo manne ya kwenye mashine yenyewe

La kwanza ni gia mbili. Juu ya mashine kuwe na swichi ya kuteleza yenye 1 na 2. Gia ya 1 huzunguka polepole, mpaka mizunguko 400 au 500 kwa dakika, na ina nguvu nyingi: ni ya skrubu na matundu mapana. Gia ya 2 hufika 1,300 hadi 1,800 hivi na ni ya matundu membamba. Drili yenye gia moja tu huwa haina raha mahali popote. Kwa skrubu ina haraka mno, kwa tundu ni mvivu.

La pili ni klachi, ile pete yenye namba nyuma ya mdomo unaoshika biti. Skrubu ikishafika kiwango cha ukazaji ulichochagua, klachi huachia kwa mlio wa tatatata na biti huacha kuzunguka. Bila hiyo utazamisha vichwa vya skrubu ndani ya ubao, utachana mbao laini, na utakata skrubu za shaba. Anza na namba ndogo na uongeze kidogo kidogo hadi kichwa kikae sawa na uso wa ubao. Alama ya biti mwishoni mwa pete huifunga klachi kwa ajili ya kutoboa. Pete yenye hatua 15 hadi 20 inatosha kabisa.

La tatu ni mdomo unaoshika biti. Uwe wa kukazwa kwa mkono bila ufunguo, na uwezo wa milimita 10 au 13. Kumi inatosha nyumba nyingi. Mdomo wa chuma hudumu kuliko wa plastiki, lakini muhimu kuliko vyote ni kwamba usiyumbe, na hilo utalipima dukani. Jihadhari na mashine ambazo mdomo wake ni tundu dogo la pembe sita tu: hizo hupokea biti za mkia wa pembe sita wa robo inchi peke yake, na biti zako za kawaida za mviringo hazitaingia.

La nne ni nguvu ya msokoto, inayopimwa kwa nyutoni-mita, Nm. Drili yenye 30Nm itafanya karibu kila kazi ya nyumbani; 40 hadi 50 inakupa nafasi ya kupumua kwenye mbao ngumu na matundu mapana. Watengenezaji makini huandika namba mbili, moja ya mzigo mgumu na nyingine ya mzigo laini. Ya mgumu ni kubwa na hutokea kwa kitambo kidogo mashine inapokwama ghafla. Ya laini iko karibu zaidi na kukaza skrubu kwenye mbao. Ukilinganisha drili mbili, linganisha namba za aina moja. Zaidi ya 60 unalipia nguvu ambazo zitaishia kukupinda kifundo cha mkono biti ikikwama.

Muuzaji atakutajia pia mota isiyo na brashi. Mota ya kawaida ina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua na kupitisha umeme. Isiyo na brashi hutumia elektroniki badala yake. Hupoteza nishati kidogo, haipati moto upesi, na betri ileile hufanya kazi zaidi. Ni nzuri, na tofauti ya bei ikiwa ndogo ichukue. Lakini kama ni lazima uchague kati ya drili isiyo na brashi yenye betri moja na ya brashi yenye betri mbili nzuri, kwa matumizi ya wikendi chukua betri mbili.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda na kipande cha mbao, skrubu kadhaa na biti moja nyembamba ndefu. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukatalia.

Funga ile biti ndefu, washa polepole na utazame ncha yake. Ikichora duara angani badala ya kusimama kwenye nukta moja, mdomo au mhimili umepinda, na kila tundu lako litakuwa pana kuliko ulivyotaka. Chukua nyingine ya modeli hiyohiyo ulinganishe.

Bonyeza kifyatulio kidogo kidogo. Mwendo uanze taratibu na upande taratibu, bila kuruka kutoka kimya hadi kasi yote. Kwa kukaza skrubu hiki ndicho kitu utakachokitumia kila sekunde. Kiachie: drili nyingi zina breki, na mdomo unapaswa kusimama papo hapo. Badilisha mwelekeo mbele na nyuma, sikiliza gia. Mlio wa kukwaruza ukiwa mkali kwenye mwelekeo mmoja tu ni dalili mbaya.

Kaza skrubu kwenye kipande chako kwa klachi namba ndogo, uone kama kweli inaachia. Kisha inua mkono juu ya kichwa ukiwa na drili yenye betri ndani na ukae hivyo kwa muda. Uzito ambao haukusumbua mezani utausikia hapo. Kama mpini ni mnene kwa kiganja chako, au yule utakayeshirikiana naye kuitumia ana mkono mdogo, usijilazimishe, utaichukia.

Kama unanunua mtandaoni na huwezi kushika chochote, tafuta picha ya chini ya betri na ya chaja, ambako maandishi ya kweli hukaa, na uzito wa seti bila sanduku. Asiyeonyesha vyote viwili mwache.

Hatua ya 6: Fedha uliyookoa, iweke kwenye biti

Seti zenye vipande mia moja hushawishi sana, lakini biti zinazokuja bure huwa za chuma laini: zinapinda kwenye bati na ncha za bisibisi zinamomonyoka siku ya kwanza. Mtu hulaumu drili ilhali biti ndiyo iliyoshindwa. Nunua chache nzuri.

Kwa skrubu, anza na ncha za msalaba za PH2 (Phillips) na PZ2 (Pozidriv), kila moja mbili au tatu. Zinafanana kwa mbali lakini si kitu kimoja. Kichwa cha skrubu ya PZ kina mistari minne midogo ya ziada katikati ya mikono ya msalaba. Ukikitumia PH kitateleza na kuliwa. Ongeza ncha za nyota za T20 na T25 kama skrubu zako ni za aina hiyo, na kishikizo chenye sumaku.

Kwa mbao, biti zenye ncha ya msumari katikati hazikimbii unapoanza. Kwa chuma, biti za HSS, yaani za chuma kigumu cha kasi ya juu, gia ya polepole na tone la mafuta. Kwa ukuta, biti zenye kipande kigumu cha kabaidi kwenye ncha. Kitambue kwa rangi yake tofauti na chuma kingine. Unene wa 6, 8 na 10 unatosha kuanzia. Plagi ya plastiki ya milimita 6, ile inayoshika skrubu ukutani, huingia kwenye tundu la 6 na hupokea skrubu ya 4 hadi 5. Nyundo izimwe kwenye mbao, chuma na vigae. Kwenye ukuta wenye kigae ivuke kigae kwanza bila nyundo, ndipo uiwashe.

Kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mbao, tangulia kutoboa tundu la 2.5, au 3 mbao zikiwa ngumu. Ubao hautapasuka na drili ndogo itafanya kazi iliyoonekana ya drili kubwa. Hii ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ya kuongeza nguvu ya mashine.

Usisahau miwani ya kinga. Glavu ziache pembeni wakati biti inazunguka, pamoja na mikono mirefu ya shati. Kipande kidogo kifungwe kwenye jiliwa badala ya kushikwa na kiganja. Na usitoboe ukuta moja kwa moja juu, chini au ubavuni mwa soketi na swichi, kwa sababu nyaya mara nyingi hupita kwenye mistari hiyo.

Hatua ya 7: Itunze betri, na uitumie drili mapema

Betri ya lithiamu haihitaji kumalizwa ndipo ichajiwe. Ichaji wakati wowote, lakini ikitoka kazini ina moto iache ipoe kwanza, na usiichaji kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Kama hutaitumia kwa miezi, iache na chaji nusu mahali pakavu na pa baridi kiasi, nje ya gari lililoegeshwa juani. Kinachoziua betri nyingi za nyumbani ni kusahauliwa kabatini zikiwa tupu. Iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe wala kuchomwa. Ipelekwe kwenye mapokezi ya taka za kielektroniki.

Kosa kubwa baada ya kununua ni kuiweka drili kwenye sanduku ikisubiri kazi kubwa. Kasoro za kiwandani hujitokeza mwanzoni, na muda wa kurudisha bidhaa ni mfupi. Wiki hiyohiyo jaza betri zote mbili, toboa na ukaze hadi kila moja iishe, kisha uzichaji tena na uandike muda ziliochukua. Betri moja ikiisha upesi sana kuliko mwenzake, chaja ikishindwa kuzima, mdomo ukiachia biti, au moshi na harufu ya kuungua vikitoka kwenye matundu ya hewa kwa kazi ya kawaida, irudishe na risiti yake kabla muda haujapita.